Beseni Kitandani

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na mama mkwe, haya nakueleza wewe kwa sababu utanielewa. Bachela asisome, atadhani natia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Shuleni nikisema kitu kinaandikwa daftarini, na anayebisha anapoteza alama. Nyumbani nikisema kitu naulizwa kama nimeshateka maji. Cheo changu jikoni ni mshika tochi, na hata hicho nilikipata kwa sababu Shemeji Chaji, aliyekuwa mgombea mwenzangu, haamki.

Tochi inaanza kazi saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Saa hiyo mke wangu, Mama Nsimire, ameshachuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, nyuma ya nyumba, makala yameshika, karai la mafuta liko motoni na beseni la unga liko magotini. Anachotaka kwangu ni mwanga uangukie mafuta. "Profe, uko namulika ukuta! Ukuta ndio itakula?" Namulika mafuta. Anachovya mkono wa kushoto kwenye maji, halafu kwenye unga, anakunja ngumi taratibu, na kati ya kidole gumba na cha shahada linachomoza donge la mviringo, laini, linalong'aa. Kidole cha mkono wa kulia kinalikata, linatumbukia. Linazama, linaibuka, linavimba, na upande wa chini ukishaiva linajigeuza lenyewe bila kuguswa na mtu, upande mbichi ukaingia mafutani. Hapo ndugu yangu pana Archimedes, pana kitovu cha uzito, pana somo zima la muhula wa pili. Wanangu wanasimama pembeni na blanketi mabegani wakiwekeana dau ni lipi litageuka kwanza.

Hayo ndiyo mandazi yetu ya Bukavu, huku Kongo, ya duara, yasiyo na pembe wala iliki ya watu wa Mombasa. Ukiyala ya moto na chai, husemi neno mpaka la tatu.

Zamani hatukuwa na taabu hii. Mtoto alitumwa kwenye kona, kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga kando ya barabara, akarudi na mandazi yamefungwa kwa karatasi za daftari. Mara nyingine daftari lenyewe lilikuwa la mwanafunzi wangu. Nimewahi kumaliza andazi nikakuta chini yake, katikati ya mafuta, jibu sahihi la swali ambalo mwenye daftari alilinyamazia darasani. Nilimtafuta nimpe alama zake, akakana mwandiko.

Kisha Mama Nsimire akapiga hesabu. Alizipiga nyuma ya karatasi yangu ya maandalizi ya somo, kwa kalamu yangu nyekundu: mandazi kwa kichwa, mara vichwa, mara siku za mwezi. Shemeji Chaji alihesabiwa vichwa viwili. Mshahara wa mwalimu katika nchi yetu una ratiba yake ambayo mwalimu mwenyewe haijui, kwa hiyo jumla ile ilikosa mpinzani. Ikaamuliwa unga wa ngano utanunuliwa soko la Kadutu, kwa kopo la maziwa ya Guigoz kama wote tunavyopimiwa, na sukari, hamira na mafuta vivyo hivyo, na kazi yote itafanyika nyumbani. Akaiita "uchumi". Hakusema kwamba uchumi huo utaanzia kitandani.

Naomba nieleze habari ya kitanda, maana ndugu wengine wamesikia nusu nusu.

Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tunakaa Nkafu, mlimani, pale ambapo uwanja wa jirani wa juu unaanza usawa wa paa letu, na usiku upepo wa Ziwa Kivu ukitupandia, hata paka anatafuta mtu. Hamira nayo haitaki baridi. Unga ukiachwa jikoni, alfajiri unaukuta pale pale ulipouacha, umenuna. Mama Nsimire alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali penye joto la kudumu, akapapata. Ni ubavuni mwangu. Tangu hapo beseni lenye mfuniko, limeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga, linalala katikati ya kitanda chetu cha ndoa. Mimi niko upande wa ukuta. Nikigeuka naambiwa nisisukume. Nikikohoa naulizwa kama nataka unga udondoke. Usiku mmoja wenye joto lisilo la kawaida unga ulipanda, ukaubandua mfuniko, ukatembea hadi mfukoni mwa suruali yangu ya kazi iliyokuwa imetundikwa kwenye kona ya kitanda. Niliivaa gizani. Nikaingia darasani na chaki mfuko wa kulia na hamira mfuko wa kushoto, na ilipofika saa nne, jua limewaka dirishani, mfuko wa kushoto ukaanza kuvimba. Sikueleza. Wanafunzi, Mungu awabariki, hawakuuliza.

Nyumbani angeuliza Tume. Jina lake halisi ni Mugisho, kitinda mimba, lakini tunamwita Tume ya Uchunguzi kwa kuwa anachunguza kila kitu na ripoti haitoki. Ni yeye aliyesimama mbele ya watoto wenzake kanisani, mwalimu wa Jumapili alipoomba kila mmoja ataje ndugu zake, akasema yeye ana dada mmoja, na kuna mwingine yuko kwenye beseni analala na baba na mama, hajazaliwa bado, lakini kila asubuhi tunakula kidogo. Wazee wa kanisa walikuja kututembelea wiki hiyo hiyo. Tuliwakaribisha mandazi.

Sasa Koko Duane.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Walungu kwa wikiendi moja. Wikiendi hiyo bado inaendelea. Watoto wanamwita Koko, kama bibi wote wa Bukavu wanavyoitwa. Hilo la Duane, yaani forodha, ni langu, na nakuomba unitunzie siri. Ameweka kiti chake kwenye mlango wa jikoni na hakuna sufuria inayopita bila kufunuliwa. Wenye kuvuka daraja la Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, na kurudi watanielewa: unasimama, unafungua mzigo, unaeleza umetoka wapi na unakwenda kufanya nini. Kwa Koko, andazi la kwanza ni lake, la kupima mafuta. La mwisho pia ni lake, la kupima mpishi. "Hii haiko mukate," alimwambia binti yake siku ya kwanza, akiligonga mezani. "Hii tujengee choo."

Ana haki yake. Mama yake mzazi alifundishwa kuoka na masista wa Kibelgiji, wakati mji huu bado unaitwa Costermansville, na ufundi huo ukashuka kwa binti pamoja na ukali wa masista wenyewe. Kwa Koko dunia ilikuwa nzuri, ikaharibika kuanzia kwenye sukari. Sukari ilikuwa ya Kiliba, kule uwanda wa Ruzizi karibu na Uvira, ambako mashamba ya miwa na kiwanda vilitulisha Kivu nzima. Vita vya 1996 vikakisimamisha kiwanda, na tangu mwaka huo, ukimwekea Koko sukari yoyote kwenye chai, anaionja, anatikisa kichwa, anasema "tutafanyaje", anaongeza vijiko viwili.

Halafu kuna mambo ya mashanza. Mashanza ni yale maziwa yaliyoganda ya kwetu Bushi, meupe, mazito, yenye uchachu wake, na Koko hakuja mikono mitupu. Alikuja na kidumu kizima. Alfajiri moja, Mama Nsimire akiwa amekwenda kuchukua chumvi, Koko aliyamimina kwenye beseni. Mandazi yalitoka mepesi, meupe ndani, yakiraruka nyuzi nyuzi. Nikasema, "Mama, ni asidi hiyo, asidi ya maziwa inalainisha..." Koko akanitazama. "Baba Nsimire, ni ng'ombe." Basi, ni ng'ombe.

Na sasa, kwa kuwa nimemtaja, Shemeji Chaji. Ni mdogo wake Mama Nsimire, kijana mzuri, ana kazi zake za simu ambazo sijawahi kuzielewa. Alipata jina hilo kwa kuwa anakuja kwetu kuchaji simu. Laini yao ya umeme na yetu hazizimiki siku moja. Anakuja simu ikiwa na asilimia tatu, anaondoka ikiwa na mia, na kati ya tatu na mia kuna milo. Usinielewe vibaya, nampenda. Ila nawajua watu wanaofuga kuku kwa gharama ndogo zaidi.

Ajabu ya umeme wetu nayo uijue. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini, na bwawa la Ruzizi la kwanza limekuwa likizalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, chini yake, tangu 1989. Mgeni akisikia hivyo anafikiri hatujui mshumaa. Sisi mshumaa tunaujua kwa majina. Kwa hiyo Shemeji alipoamua kulipa fadhila zetu zote kwa zawadi moja kubwa, akatuletea tanuri la umeme. Mtumba, lenye kioo mbele na vitufe vitatu. Lilivuka kutoka ng'ambo, likapanda Nkafu kichwani kwa kijana aliyesimama kila ngazi kumi kutukana mlima. Likawashwa. Taa ndani ikawaka ya njano, sote tukainama kutazama, Tume akauliza ni nani yuko ndani, na umeme ukaenda. Uliporudi, siku nyingine, ulikaa muda wa kutosha simu moja kufika nusu. Sasa tanuri ni kabati. Humo Mama Nsimire anaweka unga, mayai, vyeti vya ubatizo na karatasi za deni. Panya wa Nkafu wanajua mengi lakini hawajajua kufungua mlango ule.

Keki, kwa hiyo, tunaoka kwa sufuria na mchanga, na hapa Koko ndiye mkuu wa chuo. Sufuria kubwa inawekwa kwenye mbabula. Ndani, mchanga mkavu wa ziwani uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga vijiwe vitatu, juu ya vijiwe kopo la maziwa ya unga lililokatwa na kupakwa siagi. Mfuniko unafunikwa barabara, kisha makala mekundu yanapangwa juu yake, mengi kuliko ya chini. Ukitaka kujua joto limefika, unatupia kipande cha karatasi ndani: kikigeuka rangi ya chai ya maziwa, tia keki, kikiwa cheusi, subiri na usali. Keki inapimwa kwa kijiti cha ufagio. Mpya, Koko anasisitiza, akimtazama Shemeji, kwa sababu ambazo sitazirudia.

Shida ya keki Bukavu ni kudidimia. Inapanda vizuri, inajaza kopo, harufu inafika kwa jirani wa juu, ukifunua inakaa chini katikati na kubaki na kingo. Sasa hilo, ndugu yangu, ni somo langu kabisa. Kwetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Maji ambayo Zanzibar yanachemka kwa nyuzi 100, hapa yanachemka kwa 95 hivi, na viputo vya gesi ndani ya unga, kwa kukosa wa kuvibana, vinatanuka haraka kupita kiasi. Keki inapaa kabla ukuta wake haujakauka, halafu inaanguka. Dawa yake inajulikana: punguza poda ya kuokea, punguza sukari kidogo, ongeza maji kidogo, zidisha moto. Niliyaeleza haya yote jioni moja, nikachora na mchoro. Mama Nsimire alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi, kisha akasema, "Poda nilishaipunguza tangu mwaka ule. Uko naongea, makala iko nazima." Nani alimwambia apunguze? "Mkono." Miaka mitano ya chuo, na mkono ulikuwa umefika kabla yangu.

Katika nyumba yetu keki iliyoanguka hatusemi imeanguka. Tunasema "imepata tarehe tatu". Hiyo ni tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, lilipopiga lile tetemeko. Walikufa watu, kwetu na ng'ambo ya Ruzizi, na katika hilo hakuna mzaha kwetu mpaka leo. Koko wakati huo alikuwa na tanuri lake la matofali na alikuwa ameingiza mikate kabla ya kwenda misa ya pili. Tanuri lilipasuka katikati. Ardhi ilipotulia na majirani wakahesabiana wote wako hai, alirudi akachimba matofali kwa koleo, akaitoa mikate mmoja mmoja, bapa, ina vumbi, akaipangusa kwa kanga akawagawia watu waliokuwa wamekaa nje wanaogopa kuingia ndani. Anasema hajawahi kuoka tena mkate ulioliwa kwa moyo namna ile. Ndiyo maana keki ikididimia hakasiriki. Anasema imepata tarehe tatu, anaigeuza juu chini, anaijaza jemu shimoni.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha niandike.

Binti yetu wa kwanza, Nsimire, ambaye mimi namwita Madamu Ghorofa kwa kuwa keki anazozitazama kwenye simu zote zina ghorofa, alikuwa amefanya Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Waliopitia nchini mwetu wanajua: matokeo yanatoka mkoa kwa mkoa, siku haitangazwi, na uvumi unatangulia. Nyumba ililala macho. Mama Nsimire alikusanya vya keki kidogo kidogo, kopo la unga leo, mayai kesho, siagi ya kopo, kichupa cha vanila alichokificha ndani ya soksi yangu, vyote tanurini. Koko akaweka sheria: hakuna kuoka kabla ya matokeo. Ukiandaa sherehe ya mtihani mapema, alisema, mtihani unakusikia.

Jumamosi mchana uvumi ukawa mkali. Ya Kivu ya Kusini yanatoka leo. Wakati ule Koko akalegeza sheria yake nusu: sufuria iwekwe motoni, mchanga upate joto, lakini unga usiguse mayai mpaka habari ije. Mimi nikapewa mayai na sukari nipige kwa uma, kwa kuwa umeme wa kuendesha chochote haukuwepo. Nakuambia, mkono uliozoea kuandika ubaoni haukuumbwa kwa kuzungusha. Nsimire alikaa kwenye kigoda akichekecha unga. Aliuchekecha, akaurudia, akaurudia tena, hasemi, mikono inatetemeka, mpaka beseni likawa na kilima cheupe, laini, ambacho hata ukipumua karibu kinafuka. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa na simu yenye moto isipokuwa mmoja. Unamjua. Nilipowaza chaji yote aliyokula kwetu, nikaona sasa ndiyo inarudi na riba.

Simu ikalia. Shemeji akasoma, akasoma tena midomo ikicheza, kisha akapiga ukelele ambao jirani wa juu alidhani ni mwizi. "Amepita! Asilimia sitini na moja! Nsimire amepita!"

Nchi nzima mtoto akipata diploma ya serikali anamwagiwa poda nyeupe, kichwani, usoni, mgongoni, na anatembea mtaani hivyo, mweupe, watu wanapiga sufuria na filimbi. Tayari huko chini Kadutu yote ilikuwa imeanza kulia. Shemeji alizunguka akitafuta poda. Poda ya mtoto? Hatuna mtoto mchanga ila yule wa beseni. Akatazama beseni. Nilimwona akilitazama, nikafungua kinywa, na kwa mara nyingine sheria za fizikia zikaniwahi: kilima chote cha unga wa ngano kikaelea hewani, kikamshukia binti yangu.

Kimya. Wote tukageuka kwenye kiti cha mlangoni.

Koko Duane aliinuka. Huyu mama huwa anainuka kwa sala na kwa kulala tu. Alikwenda polepole hadi kwenye tanuri, akafungua mlango wa kioo, akatoa unga uliobaki, ule wa mandazi ya Jumapili, akaupima mkononi uzito wake. "Na huyu aliyemzaa?" akasema, na akammiminia Mama Nsimire. Kisha akanigeukia mimi. Kilichobaki kwenye mfuko akajipaka mwenyewe mashavuni, akapiga vigelegele vya kwetu Bushi ambavyo sikuwahi kuvisikia toka siku ya harusi yangu. Mke wangu alikuwa analia na kucheka, machozi yakimchorea njia mbili nyeusi katika ule weupe, na mimi nilikuwa bado nimeshika bakuli la mayai.

"Baba," Tume akaniuliza, "na mayai je?"

Kabla sijatoa ripoti alikuwa ameshalichukua bakuli. Yalimpata Shemeji Chaji kuanzia kwenye nywele. Ninachomheshimu ni kwamba simu aliinyanyua juu kwanza. Uso aliufikiria baadaye.

Nsimire akashuka ngazi za mawe mbio kwenda kuwafuata wenzake, akiacha wingu kila hatua. Sisi tukabaki na sufuria ya mchanga wa moto, hakuna unga, hakuna mayai, na watu wanaanza kupanda mlima kuja kupongeza: jirani wa juu na wanawe, kwaya, walimu wenzangu ambao wana pua ya ajabu. Mama Nsimire akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Koko.

Kulikuwa na mkungu wa kamaramasenge nyuma ya mlango, zile ndizi ndogo tamu, zilizoiva mpaka zikawa nyeusi na kusahauliwa kwa ajili ya keki. Kulikuwa na unga wa muhogo wa ugali. Koko akakunja mikono ya nguo. Alizimenya ndizi kwenye beseni tupu, akaziponda kwa ngumi mpaka zikawa uji mzito unaonata, akatia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akaongeza unga wa muhogo kiganja kwa kiganja, akisikiliza kwa vidole. Hakuna maji, hakuna hamira, na sukari hakuitaka hata ya Kiliba. Giza lilikuwa linaingia. "Nani anamulika?" Nilishasimama. Vikate vilitoka mafutani vyeusi kwa nje, vinang'aa, ndani vyekundu na vitamu kiasi cha kuuma meno, na watu walikula wakilamba vidole. Tume, kwa upande wake, alikuwa amemwaga karanga zote za nyumba kwenye ule mchanga wa moto na anazigeuza kwa mwiko. Zikaiva sawasawa, maganda yakivunjika kwa kuguswa, na mmoja wa wanakwaya akasema huyu mtoto apelekwe shule ya ufundi. Mwalimu mwenzangu wa kemia alikula vikate sita kisha akauliza keki inakuja saa ngapi. Alijibiwa iko njiani.

Usiku wageni walipoteremka, na Nsimire amerudi bila sauti, unga umemgandia shingoni, niliona fursa. Nikasema kwa upole, kwa heshima zote, kwamba Mama sasa amemwona mjukuu akifaulu, na kwamba barabara ya Walungu kiangazi hiki ni nzuri.

"Walungu iko," alisema Koko Duane. "Haitembei. Mtoto anaenda chuo kikuu. Ile keki ya chuo nani ataipika? Wewe na mchoro wako?" Akamgeukia binti yake. "Na mchanga musitupe. Sasa iko na mafuta ya karanga, ndiyo imekuwa muzuri."

Nikamtafuta Shemeji Chaji kwa macho, walau yeye aage. Alisema hawezi kushuka mlima usiku akiwa na mayai kichwani, kwa hiyo atalala hapa hapa, sebuleni, chini, upande wa soketi.